Rafiki yangu anaandika kwa jina la bandia, wamemjuaje?

Swali_Tu

Habari za jioni wakuu. Naomba niulize kwa niaba ya rafiki yangu maana yeye anaogopa kuandika mwenyewe.

Huyu rafiki ana blogu tangu 2021, anaandika mambo ya biashara ya dagaa na samaki huku kwetu Mwanza, hasa pale Mwaloni Kirumba. Jina lake hatumii. Anaandika kama mzee mstaafu wa uvuvi anaitwa Babu Karabai, miaka 68, anakaa kisiwani huko Ukerewe na mke mmoja na mbuzi. Vyote vya kutunga. Imeili alifungua mpya, picha ya wasifu kaweka karabai ya kudaunilodi, kila akitaka kuandika anaingia na ile inkognito ya Chrome na akimaliza anafuta histori. Hata mama yake mzazi hajui. Yaani alijipanga.

Sasa Babu kazi yake ni kufichua ujanja wa vipimo. Kuna ile posti ya ndoo ya lita 20, inatumbukizwa kwenye maji ya moto, inashindiliwa mchanga mpaka inatanuka, hiyo ndo tajiri anapimia alfajiri akinunua kwa wavuvi, halafu ikifika saa nne anapoanza kuwauzia wachuuzi wa Shinyanga na Dodoma anatoa ndoo nyingine ambayo kitako kimebonyezwa kwa ndani kama kofia, na rangi ni ileile, usipoingiza mkono huwezi kujua. Ile posti ilizunguka kwenye magrupu ya wasapu mpaka ikamrudia aliyeiandika, katumiwa na shangazi yake, "someni haya wanangu muone dunia".

Jumamosi iliyopita mdogo wake tajiri, mtu wa miaka kama hamsini hivi, akamwita kule nyuma ya stoo kwenye magunia. Akarudishia mlango. Akasema kwa adabu kabisa, "Babu Karabai, shikamoo." Wakuu niliishiwa nguvu, nimebaki nashikashika mtandio tu sijui niitikie marahaba au nikimbie. Yeye akacheka akatoka kwenda kupima mzigo.

Swali, wamemjuaje? Kuna programu ya kumsoma mtu? Au mtandao wa simu umetoa taarifa zake? Na afanye nini, afute blogu?

bwana_kasia

Rafiki yako ndo kaitwa nyuma ya stoo, wewe ndo umeishiwa nguvu, na mtandio ni wa nani sasa? Sawa dada, endelea, tupo.

FundiSimu_Pasiansi

Hahaha Kasia muache kwanza.

Tuanze na inkognito, maana kila wiki naletewa simu na mtu anayeiamini kama hirizi. Inachofanya ni kusahau ndani ya simu yako, histori haibaki na kuki zinafutwa ukifunga, basi. Anayekuuzia bando bado anaona umeelekea tovuti gani, na tovuti yenyewe inaona umeingilia wapi. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hilihili, na 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi za watu waliokuwa wanavinjari wakidhani hawaonekani. Kwa hiyo inkognito ni ya kumficha mtu anayeazima simu yako, na hiyo nayo ni faida, msinielewe vibaya.

Laini. Tangu Mei 2019 tunasajili kwa kidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na ilipofika tarehe 20 Januari 2020 ambao hawajasajili wakaanza kuzimiwa. Piga *106# uone laini zilizo kwenye jina lako, wengine wanakuta za watu wasiowajua. Sasa ile imeili mpya uliifungua kwa namba ya simu, namba ni ya laini, laini ni ya kidole. Ukifuata kamba yote hiyo Babu Karabai ana alama za vidole NIDA.

LAKINI kamba hiyo haishikwi na tajiri wa dagaa. Inashikwa na polisi wenye barua. Mtu aliyeamka saa kumi usiku kungoja mitumbwi hana muda wa kusoma namba za intaneti, na hakuna programu ya kuuziwa Makoroboi ya kumwambia nani kaandika blogu gani, anayekuuzia hiyo anakuibia. So mi naona amekujua kwa kitu cha kuonekana kwa macho. Picha je? Ulipiga na simu yako? Lokesheni ilikuwa wazi? Picha ukiituma wasapu kama picha ya kawaida ile lokesheni inaondolewa, ila ukiituma kama dokumenti inakwenda na kila kitu, mpaka mahali uliposimama. Nipe linki niangalie.

Bi_Kitangiri

Mwanangu pole sana. Nyie mnaogopa WiFi za bure, mimi niliyemuogopa ni wifi wa damu.

Tulikuwa na grupu la kikoba, watu 22. Ikaingizwa namba ngeni, haina picha, jina kaandika "Ukweli Mchungu". Basi kila nikiandika jambo ananirukia, mara mwenyekiti anakula riba, mara anajenga Buswelu kwa hela zetu. Wengine wakawa wanasema tumtafute fundi, tulipe elfu hamsini, tumpeleke polisi. Nikawaambia subirini. Nikachukua simu nikaingia kwenye kutuma pesa, nikaweka ile namba, nikaweka mia tano, nikasubiri kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likatokea. Majina matatu yote, la ukoo wa mume wangu likiwa mwishoni limekaa vizuri tu.

Sikutuma ile mia tano. Nikapiga skrinshoti nikaiweka kwenye grupu bila neno lolote. "Ukweli Mchungu" akaleft saa hiyohiyo, na Krismasi alikuja kwangu tukala wali, hakuna aliyeligusa.

Kwa hiyo huyo rafiki yako kama aliwahi kuweka namba ya michango kwenye blogu, aangalie hapo.

Swali_Tu

Shikamoo mama. Hajawahi kuweka namba. @FundiSimu linki nimekutumia inbox, picha ziko nne tu.

nilifunga_2018

Naona kila mtu anacheka ila mi ngoja niseme la upande wa pili.

Nilikuwa na blogu ya mechi za mtaani, Mabatini, Igogo, Mkuyuni, nani kafunga, refa gani kanunuliwa soda. 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu ajisajili TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka ilikuwa inapita milioni mbili. Blogu yenyewe ilikuwa inaniingizia vocha. Nikafunga. Kanuni zimebadilishwa 2020 na tena 2022 kwa hiyo usinukuu hiyo ada ya zamani, soma za sasa kabla hujaamua chochote.

Wakati ule tukasema tutaandikia kwenye intaneti kafe kwa majina ya uongo. Kumbe kanuni zilezile ziliitaka kafe iweke kamera za kurekodi wateja. Unaingia umevaa kofia na miwani kama mwizi wa kwenye sinema, halafu unamsalimia mwenye kafe kwa jina kwa sababu mlisoma wote Nyakabungo.

Na wale mnaosema "mwenye tovuti hawezi kukutaja", inategemea ni nani. Maxence Melo wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016, polisi walikuwa wanataka taarifa za wanachama na yeye hakutoa, akafunguliwa kesi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ikawa kwenda na kurudi mahakama ya Kisutu, Dar, miaka kadhaa. Huyo alikuwa na mawakili na dunia nzima inamwangalia. Admini wa grupu lenu la wasapu ataulizwa mara moja tu.

kijana_wa_Malimbe

Mada tamu hii, niko chuo huku na tulifundishwa kitu kinachofanana nayo.

Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani vitu ambavyo wateja wake kama laki sita na nusu walivitafuta mtandaoni kwa miezi mitatu. Majina waliyaondoa, kila mtu wakampa namba. Waandishi wa New York Times wakamchukua mmoja, namba 4417749, wakawa wanasoma tu alivyokuwa anatafuta, mara vidole kufa ganzi, mara mbwa anayekojolea kila kitu, mara watu wa kutengeneza bustani mji wa Lilburn, mara majina ya watu wa ukoo mmoja. Baada ya siku chache wakabisha hodi kwa mama wa miaka 62, mjane, huko Lilburn, jimbo la Georgia. Akakubali ni yeye. Hakuna aliyedukua kitu. Ule mbwa ndo ulikuwa jina lake.

Na kuna mtafiti Latanya Sweeney, yeye mwaka 2000 alionyesha kuwa kwa Wamarekani asilimia 87 unahitaji vitu vitatu tu kumpata mtu mmoja, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Sasa sisi hatuna namba za posta za maana ila tufanye kwa rafiki yetu. Yuko Mwaloni. Yuko ndani ya stoo, maana anajua ndoo ya alfajiri na ndoo ya saa nne, mchuuzi anaiona moja na mvuvi anaiona nyingine, anayeziona zote mbili ni wa ndani. Anavaa mtandio. Anajua kuandika sentensi ndefu. Dada, kwenye hiyo stoo mko wangapi?

Halafu kuna yule Ted Kaczynski aliyekuwa anatuma mabomu kwa posta kule Marekani. FBI walimsaka kama miaka 17. 1995 andiko lake likachapishwa gazetini bila jina, na aliyeanza kushtuka hakuwa mpelelezi, alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake. Akamwambia mumewe hebu soma, huyu si kaka yako? Mumewe akasoma, akakuta misemo ya nyumbani kwao. Bi Kitangiri nakuunga mkono, mashemeji na mawifi ni idara nyeti.

bwana_kasia

We kijana unamfananisha Babu wetu na mtu wa mabomu, toka hapa.

ng'wana_Igoma

Mwangaluka. Subirini kwanza, kuna jambo mnalipita kama hamlioni.

BABU KARABAI NI DADA???

Miaka mitatu namwandikia shikamoo kwenye komenti. Miaka mitatu! Na ananijibu "marahaba ng'wanawane". Mwaka jana mke wangu alirudi kwao Magu, nikamwandikia Babu imeili ndefu, mambo ya ndani kabisa ambayo hata mjomba sikumwambia, nikisema huyu ni mzee wa kisiwani hanijui simjui. Akanijibu usiende na wazee, nenda mwenyewe, beba sato wawili wakubwa, wape mikononi mama mkwe, kisha unyamaze mpaka wakusemeshe wao. Nikafanya hivyohivyo. Mke karudi.

Sasa leo naambiwa Babu ana mtandio na labda mdogo wangu kiumri. Sijui nimekasirika au nini. Ngoja nitembee kidogo nitarudi.

FundiSimu_Pasiansi

Nimerudi. Picha zote nne lokesheni hakuna, ulizima, hongera.

Ila dada hebu fungua ile ya pili, ya ukurasa wa daftari la mauzo. Babu anasema amepewa na kijana mmoja wa Mwaloni. Jina la mteja limezibwa na kidole gumba ili lisisomeke, vizuri, umemlinda mteja. Sasa kiangalie kidole. Ukucha una hina nyekundu, imeanza kupanda, chini kumebaki mwezi mweupe. Nikavuta picha zaidi nikaangalia mwandiko, kila namba 7 imekatwa kamstari katikati na kila namba 4 imeachwa wazi kwa juu. Mtu anayefunga nawe hesabu kila jioni ahitaji nini tena?

Mzee wa miaka 68, mvuvi, hina ya harusi. Na tumesoma wote mwaka mzima hatukuona. Mi mwenyewe nilikomenti pale "ukweli mtupu Babu".

Swali_Tu

Jamani.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu Nansio.

Sawa ni mimi. Nilitaka kuficha hapa pia nimeshindwa ndani ya posti moja, basi tena. @ng'wana_Igoma nisamehe kaka yangu, ile barua yako sijamwonyesha mtu yeyote na nimeifuta.

Kesho nitamuuliza mwenyewe ameona nini, kuliko kukaa nabahatisha.

Bi_Kitangiri

Muulize mbele ya watu mwanangu, sio nyuma ya magunia.

Swali_Tu

Nimerudi, leo Jumanne. Kaeni vizuri ni ndefu.

Nilimkuta anakunywa chai nje kwa mama ntilie, nikamuuliza mlijuaje. Akasema "mlijuaje" ya nini, najua mimi tu, kaka hajui na wala hasomi vitu vya kwenye simu. Nikamuuliza ni ile picha? Akasema picha ipi. Yaani hina hata hakuiona, nikajiona mjinga kwa kumwonyesha.

Akaniambia alianza kusoma Babu kwa ajili ya ile ya ndoo, alitumiwa na mtu wa Sengerema, akakasirika, akawa anasoma nyingine zote ili amjue ni nani. Akafika kwenye kile kisa cha panya aliyeingia kwenye droo akala risiti za wiki nzima akaacha za mkopo. Mimi nilikiweka kama kichekesho, nikabadilisha droo nikaandika kikapu, panya nikamwacha. Yule panya alikuwa wetu. Tulimfukuza wote watatu na fagio. Kwa hiyo akabaki na watu wawili, mimi na mlinzi, na mlinzi akiandika meseji hata nukta haweki.

Bado akawa hana uhakika. Mwezi wa sita mama akalazwa, nikaomba ruhusa siku kumi na moja, na anayenisainia ruhusa ni yeye. Babu naye akanyamaza siku kumi na moja. Nilipomaliza ruhusa nikaingia kazini asubuhi, na usiku wake Babu akaandika kuwaomba radhi wasomaji, alikuwa na mafua ya kisiwani. Akasema alicheka mpaka mkewe akaamka.

Hiyo ni mwezi wa sita jamani. Mi miezi yote hii kila usiku nafuta histori, nazima simu, naificha chini ya godoro mama asiione, na mtu mwenyewe alishajua, asubuhi ananisalimia tu habari za nyumbani.

Nikamuuliza sasa kwa nini ametaka nijue. Hapo ndo sikupenda. Akasema posti ni nzuri, niendelee, ila wiki ijayo Babu azungumzie stoo ya jirani yetu, na kabla sijaweka nimwonyeshe.

nilifunga_2018

Haya, umepata mhariri. Huyo ndo wa kuogopa dada, TCRA angalau wana kanuni zilizoandikwa.

Ushauri wangu uwe wa kweli kwenye unachoandika na uwe na ushahidi, kwa sababu jirani akishtaki yeye hatasimama na wewe, atasema simjui Babu yeyote. Na hamisha hiyo blogu kabisa kutoka simu ya kazini kama ndiyo unayotumia.

kijana_wa_Malimbe

Hivi ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimsaidii?

FundiSimu_Pasiansi

Ile inamshika anayekusanya na kuchakata taarifa zako, kampuni, ofisi, programu. Huyu kakusanya panya. Utamshtaki kwa kukukumbuka?

bwana_kasia

Dada ukamjibu nini? Usituache hewani.

Swali_Tu

Nilimwambia Babu hapokei tenda. Akacheka, lakini sio kama alivyocheka Jumamosi. Tukarudi ndani tukaendelea kupima. Ndoo leo ilikuwa ya kawaida, nimeingiza mkono nikaangalia kitako, naye akaniona naangalia.

Sijafuta kitu. Usiku huu natafakari tu, ila nimeandika hii kwa brauza ya kawaida, inkognito nimeichoka.

ng'wana_Igoma

Nimetembea mpaka Kishiri nimerudi. Nimekusamehe. Shikamoo sitoi tena, ila naomba ukweli wa jambo moja. Yale mashauri ya sato wawili yalikuwa ya nani? Maana kwa umri wako wewe hukuyajua.

Swali_Tu

Ya mama. Nilimuuliza kama hadithi tu, nikamwambia ni mtu wa kazini.

Ila yeye alisema sato wanne.